Kichwa cha Chewa

Nimechoka kuambiwa nitulie. Mchungaji kaniambia nitulie. Mume wangu kaniambia nitulie. Hata baba yangu mzazi, ambaye mpaka leo hawezi kushika kikombe cha maji ya baridi, naye ananiambia, "Noela, mwanangu, tulia." Sitatulia. Nitaeleza habari za shangazi yangu, Oktavi Kacatr, kama zilivyo, na nikimaliza, kila mtu wa kijiji chetu cha Hnathoi atajua nimekasirika na nani. Wako wengi. Yule ninayemkasirikia kuliko wote nitamfikia, wala sitamficha.

Shangazi Oktavi si mtu wa kuandikwa gazetini. Ana miaka sabini na mmoja, mfupi, miguu imepinda kidogo, na gauni lake la misheni limefuliwa mpaka maua yake mekundu yamegeuka ya waridi. Ujanani alikuwa mpiga kriketi wa kuogopwa kisiwa chetu kizima cha Lifu. Siku moja alipiga mpira ukavunja dirisha la kanisa wakati wazee wako ndani kikaoni. Wenzake wote walitimua mbio. Yeye aliingia kanisani na gongo lake mkononi, akauokota mpira katikati ya miguu ya wazee, akawaambia, "Dirisha lenu limekaa vibaya," akatoka. Ndivyo alivyo. Hajabadilika.

Dawa ya mwasho ni ya ukoo wetu, ukoo wa Kacatr. Ukoo mwingine una dawa ya mifupa, mwingine una ya watoto wanaolia bila sababu, na sisi tuna ya mwasho. Babu alikuwa na watoto wa kiume watatu. Wa kwanza alikuwa mlevi. Wa pili alikimbilia Kisiwa Kikubwa kuchimba nikeli, akarudi akiwa ndani ya sanduku. Wa tatu ndiye baba yangu, Anselmi, mtu mwema, fundi wa kuchonga sura za wahenga kwenye miimo ya milango, ila akiona mtu anatapika, yeye huzimia kabla ya mgonjwa. Babu akawatazama waliobaki, akasonya, akamwita binti yake. "Oktavi, njoo huku. Hawa wanaume ni hasara."

Mwasho unatokana na samaki. Samaki ni mzima, mnono, macho yanang'aa, hanuki, na ukimla anakumaliza. Mwamba wa matumbawe ukiugua, samaki wake hubeba sumu, wala moto hauitoi, chumvi haiitoi, ndimu haiitoi. Kwanza unatapika na kuhara. Halafu midomo inachoma, ngozi inawasha mpaka unatamani kuivua, miguu inakuwa kama si yako. Na alama yake kubwa ni baridi. Ukishika kitu cha baridi, kinakuunguza kama kaa la moto. Shangazi ana bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu. Analijaza maji ya kisimani, analiweka mbele ya mgonjwa, anasema, "Tia mkono." Ukiutoa unapiga yowe, yeye anainuka kwenda kuinjika sufuria.

Jani lenyewe ni la tumbaku ya pwani. Hiyo tumbaku ni jina tu, hakuna anayeivuta. Miti yake inaota mchangani, pale povu la bahari linapofika, na majani yake ni mazito, yana manyoya laini kama sikio la mbwa mchanga. Shangazi huchuma yale yaliyokomaa, yaliyoanza kuwa ya njano, kofia moja tele, akayachemsha mpaka maji yawe rangi ya chai nzito. Ni machungu hayo, Mungu wangu! Glasi asubuhi, glasi mchana, glasi jioni, na miezi mitatu husogelei samaki.

Lakini hakupi hata tone kabla hujafanya desturi. Unakuja na kitambaa, tumbaku kidogo na noti moja, unavilaza chini, unainamisha kichwa, unaeleza shida yako. Akivigusa, amekupokea. Hapo ndipo anakuuliza maswali yake matatu. Samaki gani? Maji gani? Ulikula sehemu gani ya mwili wake? Na ujibu sawasawa, kwa sababu nusu ya dawa yake ni hayo majibu. Miaka hamsini amekusanya majibu ya watu, haandiki popote, na mwamba wote wa Hnathoi uko kichwani mwake, jiwe kwa jiwe. Watu watatu wakitaja mahali pamoja, yeye anachukua mti, anaufunga majani yaliyopigwa fundo na kipande cha kitambaa chekundu, anakwenda kuusimika pwani mkabala na mahali pale. Hakuna polisi anayeulinda. Wewe jaribu tu kuvua hapo, utaona bibi zako watakavyokuimba kanisani.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa maabara kutoka mji wa Numea, Mirei jina lake, mtoto wa watu wa Kisiwa Kikubwa. Alifanya desturi yake vizuri, bila haraka, shangazi akampenda. Wakaenda wote pwani kuchuma, kisha wakakaa barazani na chai, na Mirei akaeleza anachokifanya huko kwao.

"Mama, mishipa ya fahamu ina kama milango midogo. Sumu ya samaki inaishika milango ile na kuiacha wazi, basi mshipa unapiga kelele bila kupumzika mpaka unaumia. Sasa kwenye jani lako tumekuta kitu, kiko hata kwenye rozmari na nanaa. Tunalea chembe za fahamu kwenye kisahani. Tukizipa kile kitu, halafu tukatia sumu, nyingi zinasalimika. Kinaibandua sumu pale mlangoni."

Shangazi akanywa chai yake. "Kwa hiyo baba yangu hakuwa mjinga."

"Hakuwa, mama."

"Na mkichelewa?"

"Tukichelewa siku nzima, chembe nyingi zimekwisha kuumia. Jani bado linasaidia, lakini si sawa na mtu aliyewahi."

"Hizo chembe zako, mnaziuliza zimekula samaki wa maji gani?"

Mirei akacheka mpaka chai ikamwagika. "Hatuziulizi, mama. Sumu tunaitia wenyewe, tunajua imetoka wapi."

"Mna bahati nyinyi," shangazi akasema. "Wagonjwa wangu wana midomo."

Nilikuwepo. Nilicheka na mimi. Nilicheka sana.

Sasa tuje kwenye gati. Kampuni moja ya Numea ilitaka kutujengea gati ili meli iwe inafika mpaka Hnathoi. Walikwenda kwa chifu, wakafanya desturi: vitambaa, magunia ya mchele, bahasha. Chifu akavigusa. Kwetu kikishaguswa kimekwisha, neno limefungwa, na atakayelisema vibaya gati amemsema chifu. Wakaleta baruti, wakapasua mwamba siku tisa, madirisha yanatetemeka, samaki wanaelea matumbo juu. Gati likasimama. Meli ilikuja mara nne, halafu ikaacha kuja, eti abiria ni wachache. Nne! Na pale chini matumbawe yakafa yote, yakaota uteute wa kijani, na samaki wakanenepa kwa uteute ule.

Mimi nimeolewa na Melito, mtoto wa ndugu wa chifu. Machi ya mwaka jana Melito alileta chewa mdogo aliyemvua gatini. Tukamla. Yeye hakupata kitu, mimi kesho yake midomo inachoma na ndoo ya maji siwezi kuishika. Nikatafuta kitambaa changu niende kwa shangazi. Melito akasimama mlangoni.

"Utamwambia maji gani?"

"Nitamwambia gatini, si ndiko ulikovua?"

"Wee mama Sofi, una akili kweli? Ukisema gatini umesema baba mkubwa alipokea sumu kwa mikono miwili. Mbele ya kijiji kizima! Mimi nitaweka wapi uso wangu?"

"Sasa nisemeje?"

"Sema Jiwe Jeupe, ule mwamba wa kule mbali. Kwani dawa itabadilika? Jani ni lile lile."

Nikaenda. Nikalaza kitambaa changu, shangazi akakigusa, akaniuliza maswali yake. Chewa. Mgongo wake. Maji ya Jiwe Jeupe. Nilimtazama usoni nikasema Jiwe Jeupe, na mwanamke yule akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akanichemshia, akanishika kisogo nilipokuwa nakunywa kama alivyonishika nikiwa mtoto. Mtu wa kwanza kulitaja Jiwe Jeupe alikuwa mimi. Haya, nimesema. Huyo ndiye niliyewaambia nitamfikia.

Baada yangu wakaja wengine. Wote walikula samaki wa gatini, na wote walishasikia kwamba mke wa Melito alisema Jiwe Jeupe, kwa hiyo nao wakasema Jiwe Jeupe. Ilikuwa rahisi, njia ilikuwa imeshafyekwa. Shangazi akahesabu majibu, akachukua mti wake, akatembea saa nzima kwa miguu yake iliyopinda, akausimika kule Jiwe Jeupe, kwenye maji safi kuliko yote tuliyo nayo. Gatini hakusimika kitu. Watu wazima wa Hnathoi kila mmoja akaacha kuvua gatini kimyakimya, moyoni mwake, bila kumwambia jirani. Hivyo ndivyo tulivyo sisi, watu wa heshima.

Agosti ikaja na harusi ya Gaetani. Gaetani ni mtoto wa pekee wa shangazi Oktavi, na mjomba wake ni baba yangu. Kwetu mjomba ndiye mwenye pumzi ya mtoto. Harusini unaweza kumsahau bibi harusi, mjomba huwezi kumsahau. Vitambaa vya kwanza ni vyake, kiazi kikuu kirefu kuliko vyote ni chake, na katika bunya, kile chakula chetu cha karamu kinachookwa ndani ya majani, akifunuliwa samaki mkubwa kutoka kwenye mawe ya moto, kichwa ni chake, na ini ni lake, wala mwingine haruhusiwi kula.

Vijana wa kuvua walikuwa binamu zake Gaetani waliotoka Numea na boti lao la kuazima. Waliuliza kwa adabu kabisa, "Wapi panakatazwa?" Wakajibiwa, "Jiwe Jeupe tu, shangazi ameweka mti." Basi wakaenda gatini, karibu, hata mafuta ya boti hawakumaliza. Wakaleta chewa wa urefu wa mtoto wa miaka sita. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa jiko siku ile. Mimi nilimpara magamba, mimi nilimmiminia tui, mimi nilimfunga kwenye majani ya mgomba pamoja na viazi na majimbi. Sikuuliza amevuliwa wapi. Swali lilikuja mpaka mbele ya meno, nikalirudisha. Nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Baba alikula kichwa chote. Alinyonya mifupa. Alikuwa na furaha, mzee yule, mashavu yanang'aa mafuta, anawaambia watu, "Mnaona? Mnaona mpwa wangu alivyonipa heshima?"

Saa kumi alianza kutapika. Wengine kumi na mmoja walilalamika matumbo, lakini yeye ndiye aliyelala chini. Shangazi aliitwa kutoka upande wa bibi harusi, akaja na gauni lake jipya, akapiga magoti.

"Samaki alitoka wapi?"

Binamu mmoja akaruka. "Si Jiwe Jeupe, mama! Haki ya Mungu, tuliuliza kabla ya kwenda. Hatukugusa Jiwe Jeupe."

"Mna uhakika?"

"Tunaapa mbele ya mchungaji."

Shangazi akashusha pumzi. "Basi si mwasho. Ni ile nyama ya ng'ombe iliyolala juani tangu jana. Niliwaambia muifunike. Mpeni maji ya mchele, apumzike."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nimeshika mwiko. Hatua tatu tu, jamani. Nilijisemea, labda kweli ni nyama. Nikaosha sufuria.

Kesho yake saa sita mchana mama alimpa baba glasi ya maji ya baridi. Aliitupa ukutani, akapiga kelele kwamba mke wake amempa maji yanayochemka. Shangazi alikuja mbio, mwanamke wa miaka sabini, amekanyaga matope, bakuli mkononi. "Anselmi, tia mkono." Baba akatia. Sitaki kuisimulia sauti aliyoitoa. Mapigo ya moyo yalikuwa yamekwenda chini mpaka muuguzi wa zahanati akawa anahesabu na kuangalia saa yake, anahesabu tena. Akamtundikia dripu, akapiga simu ndege ije. Shangazi akachemsha jani, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka ndege inatua, na muuguzi hakumzuia.

"Umekula samaki wa maji gani, ndugu yangu?" akawa anamuuliza. "Niambie, maji gani?"

"Mimi nilipewa kichwa," baba akasema, ulimi mzito. "Hakikuniambia kwao ni wapi."

Alitaka kutuchekesha. Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama binamu yule aliyeapa, na binamu, maskini, analia, anasema, "Gatini, mama. Kwani gatini pana nini? Hakuna aliyetuambia gatini pana kitu."

Nikaona shangazi anainama polepole, anakaa chini. Akaanza kutaja majina ya waliokuja kwake tangu Machi, akianzia wa mwisho, mmoja mmoja, kwa vidole. Alipofika kwa wa kwanza akanitazama. Mimi nikajifanya nakunja shuka.

Baba hakufa. Alikaa Numea wiki tano, Mirei akaenda kumwona, akasema jani lilimsaidia lakini lilichelewa karibu siku nzima, na siku ile ndiyo iliyomla. Akarudi akitembea na fimbo. Mikono yake haijui kitu cha baridi. Patasi akiishika asubuhi, chuma kikiwa na umande, inamuunguza, anaiachia. Mwimo aliokuwa anauchonga kwa ajili ya nyumba ya Gaetani umebaki na jicho moja.

Oktoba, upande wa chifu wakaja kuomba msamaha. Walikuja asubuhi, wamevaa vizuri, wakakaa mikekani mbele ya nyumba yetu. Mbele yao wakaweka viazi vikuu, tumbaku, noti kadhaa, na kitambaa kizuri sana cha samawati. Msemaji wa chifu, mzee Eliaza, mwenye sauti tamu kama ya redio, akasimama akasema maneno marefu kuhusu umoja, na subira, na "jambo lile lililotokea siku ya harusi." Jambo lile! Kama vile paa lilivuja. Gati hakulitaja hata mara moja. Sote tulijua maana yake. Baba akikigusa kile kitambaa, jambo limezikwa, na atakayelifukua ndiye mwenye makosa. Na gati litabaki halina jina, na watu wataendelea kutaja Jiwe Jeupe, na mgonjwa atakayefuata atapewa maji ya mchele.

Baba alikuwa amechoka. Akainama na fimbo yake, akanyoosha mkono.

"Usiguse, Anselmi."

Watu wote wakageuka. Shangazi Oktavi alikuwa amesimama nyuma, upande wa wanawake. Mwanamke haongei wakati ule. Sijawahi kuona, mama yangu hajawahi kuona.

"Mama Gaetani," mzee Eliaza akasema kwa upole wa kukera, "zamu ya kina mama itafika, chakula kikiwa tayari..."

"Eliaza, nilikufuta kamasi darasa la kwanza, usinichekeshe. Samaki alitoka maji gani?"

"Leo hatujaja kutafuta..."

"Samaki alitoka maji gani?"

Chifu anatazama viazi. Melito ananitazama mimi, macho makali, na kidole chake kimoja kinatikisika gotini: kaa kimya.

"Tangu Machi," shangazi akasema, "mmenijia na vitambaa vyenu, nikavigusa, mkanijaza uongo. Nikausimika mti wangu mahali pasipo na kosa. Nikawafukuza watoto wa watu kwenye maji mazuri wakaenda kwenye sumu. Nikamtazama ndugu yangu anatapika nikasema ni nyama. Mimi! Mdomo wangu huu! Sasa nauliza na sitauliza tena. Nani alikuwa wa kwanza kuniambia Jiwe Jeupe? Asiposimama, dawa hii naikata leo. Jani litabaki pwani liliwe na kaa, na mimi nitakufa nayo."

Alikuwa anajua. Tangu siku ile ya shuka alikuwa anajua. Aliniachia niseme mwenyewe, na kwa hilo nilimchukia kwa dakika moja nzima. Nikamchukia na Melito na kidole chake. Nikamchukia chifu na magunia yake ya mchele. Nilimaliza kuwachukia wote, na bado nilikuwa nimekaa.

Nikasimama.

"Ni mimi, shangazi. Nilikula chewa wa gatini. Nikakwambia Jiwe Jeupe."

"Noela!" Melito akafoka. "Kaa chini!"

"Kaa wewe. Umekaa vya kutosha, endelea kukaa."

Nyuma yangu nikasikia mtu mwingine anainuka, mama mmoja muuza mikate, anasema na yeye ilikuwa gatini. Halafu mwalimu wa shule ya awali. Wengine walibaki wanahesabu nyuzi za mikeka, na majina yao ninayo.

Shangazi alinisogelea. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea.

"Ulikunywa dawa yangu na uongo mdomoni?"

"Nilikunywa."

"Ikakufaa?"

Ningeweza kusema hapana. Watu wengi wangefurahi ningesema hapana. "Ilinifaa, shangazi. Siku ya nne nilikuwa nafua nguo."

Akatikisa kichwa. "Basi jani halijali. Linamponya hata mwongo. Halina habari na mtu." Akanigeuzia mgongo. "Mimi najali."

Akapita katikati ya wanaume, akakichukua kitambaa cha samawati, akakikunja vizuri pande nne, akampa mzee Eliaza mkononi. "Rudini nacho. Mkikileta tena, kije na jina la maji."

Wakaondoka nacho. Viazi pia. Jambo hilo halijapata kutokea Hnathoi, na wako wanaosema shangazi ametuvunjia kijiji. Acha waseme. Kesho yake alikwenda Jiwe Jeupe, akaung'oa mti, akanipa niubebe begani. Tulitembea saa moja na nusu mpaka gatini, na njia nzima hakunisemesha. Akausimika penye zege, katikati ya mawe, akaufunga kitambaa chekundu kipya. Uko pale mpaka leo, hakuna aliyethubutu kuugusa, na kitambaa cha samawati bado hakijarudi. Siku hizi ananituma kuchuma. Ananiambia jani gani na upande gani wa mti, basi, hakuna zaidi.

Mimi nimerudi nyumbani kwa baba na Sofi wangu. Melito akitaka kuja, anajua cha kusema kwanza. Kila asubuhi namchemshia baba maji, nayaacha yapoe yawe vuguvugu, namshikia glasi mpaka aizoee. Anakunywa taratibu. "Asante, mwanangu," anasema. "Tulia sasa." Hajaniuliza hata siku moja kwa nini nilinyamaza pale jikoni, na mwiko wangu mkononi. Angenitukana basi, hata mara moja tu.